Makanga wa Mlango wa Seli

Nendeni stendi ya Kisumu jioni, watu wanaporudi nyumbani, mkawaangalie makanga wa matatu za Ahero, Maseno na Bondo. Gari likishashika barabara, makanga hukaa mlangoni: mguu mmoja ndani, kichwa na mkono nje. Dereva, kwa ngurumo ya injini na muziki uliofunguliwa hadi mwisho, hasikii mtu anayeita kando ya barabara. Makanga ndiye anayemsikia. Wala hahangaiki kumweleza dereva kwamba pale Otonglo kuna mama mwenye karai la omena anayetaka kufika Kisian. Anapiga bodi ya gari kwa kiganja, pa! pa!, na dereva anakanyaga breki.

Shikeni jambo moja hapo, maana ndilo litakalotubeba hadi mwisho. Sauti ya yule mama haikumfikia dereva. Kilichomfikia ni kishindo cha kiganja. Habari ya nje ilibaki nje. Ndani iliingia ishara nyingine kabisa, na ishara hiyo ilitosha kusimamisha gari zima.

Sasa twende shambani. Mahindi hayana masikio wala macho, na hayana mshipa wa fahamu hata mmoja. Lakini kuvu akianza kutambaa juu ya jani la mahindi, jani linajua. Bakteria rafiki akikaribia mzizi wa mharagwe, mzizi unajua, na unamfungulia aingie. Bakteria adui akija, mlango unafungwa. Nani anawapa habari? Kila seli ya mmea ina makanga wake. Na si mmoja kama kwenye matatu; ni mamia, wa aina mbalimbali, kila mmoja akisubiri sauti yake.

Wanasayansi humwita makanga huyu kipokezi-kinasi. Si jina la kumbembelezea mtoto, nakubali, lakini tutalizoea.

Seli ya mmea imezungukwa na utando mwembamba wa mafuta, na vitu vingi haviwezi kuupenya. Kipokezi-kinasi ni protini moja ndefu iliyochomekwa katika utando huo, ikatokeza pande zote mbili. Sehemu ya nje imejikunja kwa umbo maalumu, na umbo hilo hunasa kitu kimoja tu, au vichache vinavyofanana: kipande cha mkia wa bakteria, sukari ya ganda la kuvu, au homoni ya mmea wenyewe. Sehemu ya kati ni fupi, inatosha tu kuvuka mafuta. Sehemu ya ndani ndiyo mkono unaogonga, na mkono huo ndio unaoitwa kinasi.

Unagongaje? Ndani ya kila seli hai, na za kwako pia, mna molekuli ndogo iitwayo ATP, inayobeba nishati. Ina fosfati tatu zilizofuatana. Kinasi huing'oa fosfati ya mwisho na kuibandika juu ya protini nyingine iliyo karibu. Basi, hiyo ndiyo kazi yake yote: kung'oa hapa, kubandika pale. Lakini fosfati ina chaji hasi ya umeme, na protini iliyobandikwa huvutwa na kusukumwa kwa chaji hiyo hadi inabadilika umbo. Iliyokuwa imelala inaamka. Iliyokuwa kazini huenda ikaacha. Mara nyingi protini iliyoamshwa nayo ni kinasi, kwa hiyo inabandika fosfati kwa inayofuata, na hiyo kwa nyingine tena, hadi habari inafika kwenye kiini cha seli, mahali inapokaa DNA, na jeni zilizokuwa kimya zinaanza kusomwa.

Kwenye matatu makanga mmoja anatosha. Kwenye seli mara nyingi hugonga wawili. Mwaka 2000, Lourdes Gómez-Gómez na Thomas Boller, wakifanya kazi mjini Basel nchini Uswisi, walieleza kipokezi kimoja cha mmea mdogo wa maabara uitwao Arabidopsis. Wakakiita FLS2. Bakteria wengi huogelea kwa mkia mwembamba unaozunguka, na mkia huo umejengwa kwa protini. FLS2 hanasi mkia wote. Hunasa kipande chenye asidi amino 22 tu, kipande ambacho bakteria hawezi kukibadilisha ovyo bila kuharibu uogeleaji wake. Kipande hicho kikishakaa mahali pake, protini ya pili iitwayo BAK1 huja kushikana na FLS2, na kipande chenyewe cha adui ndicho kinachowagundisha wawili hao pamoja. Ndani ya utando mikono miwili sasa imekaribiana, na inabandikiana fosfati. Katika muda wa dakika chache kalsiamu inamiminika ndani ya seli, mmea unatema kemikali kali za oksijeni kumwunguza mvamizi, na vile vitundu vidogo vya jani vya kupitishia hewa vinafungwa ili wengine wasiingie.

Nani alikuwa wa kwanza kujulikana kati ya makanga hawa? Wa mahindi! Mwaka 1990, John Walker na mwenzake nchini Marekani walichapisha habari za jeni ya mahindi iliyobeba maagizo ya protini yenye kichwa nje na kinasi ndani. Waliliona umbo lake, lakini hawakujua anasikiliza nini. Baada ya hapo wengine wakafuata kwa wingi. Leo inajulikana kwamba Arabidopsis, mmea unaoweza kukua ndani ya kikombe, una jeni zaidi ya 600 za ukoo huu. Mpunga una zaidi ya 1,000. Wewe unayesoma, pamoja na ubongo wako wote, una vipokezi vyenye mkono wa kinasi visivyofika mia moja.

Mnashangaa? Mimi sishangai sana. Ng'ombe akihisi moshi anaondoka. Mtama hauondoki popote. Tena mwili wako una seli za damu zinazozunguka kutafuta vijidudu, na mmea hauna askari wa kuzunguka namna hiyo: kila seli inajilinda pale pale ilipo, kwa hiyo kila seli inahitaji walinzi wake yenyewe. Na si vita tu. Kipokezi kiitwacho BRI1, ambacho Jianming Li na Joanne Chory walikieleza mwaka 1997, husikia homoni ya kurefuka. Mmea ambao BRI1 yake imeharibika hubaki mbilikimo. Katika mahindi kuna kipokezi kingine kinachosaidia kupima ukubwa wa ncha inayozaa gunzi. Kikiharibika, gunzi linavimba na mistari ya punje inavurugika. Kwa hiyo hata mstari ulionyooka wa punje unaoutafuna ukitembea kwenda shule una mkono wa makanga ndani yake.

Tuangalie sasa sahani ya nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Mahindi tumeshayataja, tuchukue maharagwe.

Mharagwe unapochanua, chimba taratibu kuuzunguka, usiung'oe kwa nguvu, kisha usuuze mizizi kwenye maji. Utaona vinundu vidogo vya mviringo. Pasua kimoja kwa kucha. Kikiwa na rangi ya waridi au nyekundu ndani, kinafanya kazi; rangi hiyo inatokana na protini ya jamii moja na ile inayofanya damu yako iwe nyekundu. Humo ndani wanaishi bakteria waitwao rizobia. Hewa yetu ni naitrojeni kwa karibu asilimia 78, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Rizobia wanaweza kuigeuza ikawa chakula cha mmea, na mharagwe unawalipa kwa sukari.

Tatizo ni hili: rizobia ni bakteria, na mmea, kama tulivyoona, umejaa walinzi wanaofunga mlango wakisikia bakteria. Rafiki ataingiaje? Anajitambulisha. Mzizi wa mharagwe hutoa kemikali kwenye udongo. Rizobia wakiionja wanajibu kwa molekuli yao, mnyororo mfupi wa sukari nne au tano wenye mkia wa mafuta. Mwaka 2003, watafiti wa Chuo Kikuu cha Aarhus nchini Denmark, wakiongozwa na Jens Stougaard, walivitambua vipokezi viwili vinavyounasa ujumbe huo katika mmea mwingine wa jamii ya mikunde. Viliitwa NFR1 na NFR5. Na tazameni kituko: NFR5 ana mkono, lakini mkono wake haugongi, sehemu ya kubandika fosfati imekufa. Yeye husaidia kusikia tu, na NFR1 ndiye anayegonga kwa niaba ya wote wawili. Ukimwondoa mmoja wao, mzizi unabaki mtupu, hauna kinundu hata kimoja, hata ukiupandikizia rizobia kiasi gani.

Sukari iliyomo kwenye mnyororo huo wa rizobia ndiyo ile ile inayojenga kitini, dutu ya ganda la kuvu. Mmea una kipokezi kingine, CERK1, ndugu wa karibu sana wa NFR1, kinachosikia kitini na kupiga mbiu ya vita. Ndugu wawili hawa wanafanana karibu kila kiungo. Mmoja akisikia sukari hizo zikiwa na mkia wa mafuta, anakaribisha mgeni. Mwingine akisikia sukari hizo hizo zikiwa mnyororo mrefu usio na mkia, anatangaza adui. Mimi husoma habari hii tena na tena na bado hainichoshi.

Lakini adui naye si mjinga. Tuvuke hadi mashamba ya mpunga ya Ahero, yanayonyweshwa kwa maji ya mto Nyando, kisha tutoke nje ya Kenya kidogo tufuate safari ya kipokezi kimoja.

Huko Mali, Afrika Magharibi, huota mpunga wa porini ambao wataalamu huuita Oryza longistaminata. Hauna mazao ya maana, lakini una usugu wa ajabu dhidi ya bakteria anayeunguza majani ya mpunga, ugonjwa uliowatesa wakulima wa Asia kwa miaka mingi. Watafiti waliuzalisha na mpunga wa kulimwa, kizazi baada ya kizazi, hadi usugu ule ukahamia humo. Ndipo mwaka 1995 kundi la Pamela Ronald wa Chuo Kikuu cha California, Davis, likaonyesha jeni yenyewe. Ilikuwa jeni ya kipokezi-kinasi. Ikaitwa Xa21. Ilichukua miaka mingine 20, hadi 2015, kukijua kile ambacho kipokezi hicho kinasikia: protini fupi ya bakteria iitwayo RaxX, tena ikiwa imebandikwa salfeti mahali fulani. Bila salfeti hiyo, makanga hasikii kitu.

Wakati huo migomba ya kwetu ilikuwa taabani. Ugonjwa wa mnyauko unaoletwa na bakteria mwingine wa ukoo huo huo, Xanthomonas, ulijulikana Ethiopia tangu miaka ya 1960 kwenye mimea ya enseti, binamu wa mgomba. Mwaka 2001 ukaonekana Uganda. Kufikia 2006 ulikuwa umeshaingia magharibi mwa Kenya, upande wa Busia na Teso. Mgomba ulioshambuliwa unajulikana: majani yanalegea na kuwa manjano, ndizi zinaiva kabla ya wakati huku ndani zimeoza, na ukikata shina unatoka usaha wa manjano. Mgomba mmoja ukiugua, panga lililoukata linaweza kuupeleka ugonjwa kwenye shamba zima.

Leena Tripathi na wenzake wa Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Tropiki, IITA, wenye maabara Nairobi, wakajiuliza swali rahisi. Ikiwa makanga wa mpunga wa Mali anamsikia bakteria wa mpunga, je, akiwekwa kwenye mlango wa seli ya mgomba, hatamsikia binamu wa bakteria huyo? Wakaihamisha jeni ya Xa21 ndani ya migomba. Mwaka 2014 walichapisha matokeo: katika majaribio ya ndani, migomba iliyopokea jeni hiyo ilipata usugu dhidi ya mnyauko. Fikirini umbali wake: kutoka kinamasi cha Mali, kwenye mpunga wa Asia, maabara ya Marekani, hadi mgomba ulioko Nairobi. Mkono unaogonga ulifahamika na seli ya mmea tofauti kabisa, maana lugha ya fosfati ni moja katika mimea yote.

Migomba ya kwenu haina Xa21, kwa hiyo kinga yake iko mikononi mwa watu. Ua dume, lile tumba la zambarau linaloning'inia chini ya mkungu, livunjwe kwa kijiti chenye panda mara tu ndizi zikishatoka, kwa sababu wadudu huuchukulia hapo ugonjwa. Panga nalo lipitishwe kwenye moto au jiki kabla ya kugusa mgomba mwingine.

Mmoja wenu tayari ananyoosha mkono. Kama makanga hawa ni hodari hivyo, mbona mimea bado inaugua?

Jibu moja liko pale pale Otonglo tulipomwacha mama wa omena. Mwaka 1966, katika mpunga wa huko, ndipo ugonjwa wa virusi wa manjano ya mpunga ulipoonekana kwa mara ya kwanza duniani, na mtaalamu aitwaye Bakker akaandika habari zake. Siku hizi umeenea katika nchi nyingi za Afrika. Virusi huyo hapigi hodi mlangoni. Mbawakawa anauma jani, anatoboa utando, na virusi anajikuta ndani ya seli moja kwa moja. Makanga aliyeko mlangoni anasikiliza nje. Aliyeingizwa kwa tundu la ubavuni hamhusu. Kwa maadui wa namna hiyo mmea una walinzi wengine, wanaokaa ndani ya seli, lakini hao ni wa hadithi nyingine.

Jibu la pili ni baya zaidi. Wapo maadui ambao wenyewe ni mimea, na nao wana makanga.

Hapa nafika kwa kayongo, na nitakaa kidogo, maana kila mwenye shamba kuanzia Rachuonyo hadi Siaya na Busia analijua gugu hili. Tanzania huitwa kiduha; kwa wataalamu ni Striga hermonthica. Ua lake la zambarau linapendeza, na mtoto asiyejua hulichuma akampelekea mama. Chini ya ua hilo mahindi yamedumaa, majani yana rangi ya njano kama yanakosa maji, na kweli yanakosa, kwa sababu kuna anayeyanywa kutoka chini. Kuna waliodhani shamba limerogwa.

Mbegu ya kayongo ni vumbi, haifiki hata nusu milimita. Mmea mmoja hutoa mbegu makumi ya maelfu, na zinaweza kukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja. Zinangoja nini? Zinangoja njaa ya jirani. Mahindi yakikosa fosforasi, jambo la kawaida katika udongo uliolimwa mfululizo bila kurutubishwa, mizizi yake hutoa kemikali ziitwazo strigolaktoni kuwaita kuvu rafiki wanaosaidia kuleta fosforasi. Mwito ni wa kuvu, lakini kayongo naye anausikia. Hapa niwe mkweli: kipokezi kinachosikia mwito huo si makanga wetu. Hakikai mlangoni, kinaelea ndani ya seli, na hakina kinasi. Kazi yake ni kuiambia mbegu: mzizi upo karibu, ota.

Makanga anaingia katika hatua ya pili. Mche wa kayongo ukishaota una akiba ya siku chache tu. Lazima ufike kwenye mzizi wa mahindi, tena ulio milimita chache kutoka pale, na lazima ujue kwamba umefika, usije ukajichomeka kwenye kokoto. Ukuta wa mzizi wa mahindi una dutu ngumu iitwayo lignini, na vipande vya jamii hiyo vikipata oksijeni hugeuka kuwa kemikali ziitwazo kwinoni. Kayongo akionja kwinoni, ncha ya mzizi wake inaacha kurefuka. Inavimba, inaota vinyweleo vya kunata, inajibandika, inapenya, na kujiunga na mirija ya maji ya mahindi. Kuanzia hapo ni kunywa tu. Hayo yote yanafanyika chini ya udongo, wiki nyingi kabla ua halijaonekana.

Anaionjaje kwinoni? Mwaka 2020, kundi la Ken Shirasu wa taasisi ya RIKEN nchini Japani lilileta jibu. Walianza na Arabidopsis, mmea usiomnyonya mtu, kwa sababu waligundua kwamba nao unashtuka ukipewa kwinoni: kalsiamu inapanda ndani ya seli zake. Wakatafuta miche iliyoharibika jeni fulani ikawa haishtuki. Jeni iliyokosekana ilikuwa ya kipokezi-kinasi, wakakiita CARD1. Kisha wakachukua jeni za jamii hiyo kutoka kwa mimea inayonyonya, mmoja wao akiwa Striga asiatica, dada wa kayongo, wakaziweka kwenye ile Arabidopsis isiyosikia. Ikaanza kusikia tena.

Mwaka huo huo kundi jingine nchini Marekani lilikuwa likitafuta kitu tofauti, namna mimea inavyotambua peroksidi ya hidrojeni, kemikali inayojitokeza mmea ukiwa mashakani. Likaifikia jeni ile ile. Yaani yule anayemwambia mmea wa kawaida "kuna hatari, funga vitundu vya majani" ni wa ukoo wa yule anayemwambia kayongo "huyu hapa, mnyonye". Inaelekea kayongo hakubuni chombo kipya. Alichukua makanga wa kawaida aliyemrithi kwa mababu zake, akambadilishia kazi. Wizi wa namna hiyo unanitia hofu kuliko uchawi wowote niliowahi kusimuliwa.

Watu hawakukaa kimya. Kule Mbita, kwenye kituo cha icipe, taasisi ya utafiti wa wadudu, kilichobeba jina la mwanzilishi wake Thomas Odhiambo, Zeyaur Khan na wenzake walipanda desmodiamu katikati ya mistari ya mahindi ili kuwafukuza viwavi wanaotoboa mabua. Wakaona jambo ambalo hawakulitafuta: palipokuwa na desmodiamu, kayongo ilipungua sana. Mizizi ya mmea huo hutoa kemikali za aina mbili, nyingine zinazoiamsha mbegu ya kayongo, nyingine zinazozuia mche wake kujibandika. Mbegu inaota, haipati pa kunywa, inakufa. Desmodiamu ni wa jamii ya mikunde, kwa hiyo una vinundu na unarutubisha udongo ule ule ambao njaa yake ndiyo humwita kayongo. Gebisa Ejeta, Mwethiopia aliyepata Tuzo ya Chakula ya Dunia mwaka 2009, aliwapa wakulima mtama ambao mizizi yake haimwamshi kayongo kwa urahisi. Na Steven Runo wa Chuo Kikuu cha Kenyatta amechunguza mtama wa porini unaomkatalia kayongo hata akishagusa mzizi.

Msisubiri maabara, lakini. Mkipata nafasi ya kupanda, changanyeni mahindi na maharagwe, soya au desmodiamu, na mrudishe samadi shambani. Mkiona kayongo, ing'oeni kabla ua halijakomaa, muichome mbali na shamba. Mmea mmoja ukiachwa utamwaga mbegu makumi ya maelfu, na baadhi yake zitakuwa bado hai siku ambayo shamba hilo litakuwa lenu.